Aproni Ndani ya Tairi

Nyasi za Uingereza hazifai kujaza tairi. Nalisema hili mapema kwa faida ya yeyote aliyekulia kwetu, aliyewahi kumwona kaka au mjomba akiokoa safari kwa mafungu mawili ya nyasi, na ambaye sasa anaendesha baiskeli London akidhani ujuzi ule amekuja nao salama. Nyasi za kwetu Korogwe zikikauka zinakuwa ngumu kama njiti za ufagio. Za hapa zimelowa mwaka mzima, na ukizikandamiza zinageuka mboga. Nimejifunza hivyo kando ya mfereji wa boti, upande wa Greenford, Jumamosi moja ya Januari, siku ambayo sikutakiwa kabisa kuchelewa.

Nilikuwa nakwenda kumwosha bibi.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane wa Kizanzibari aliyeishi ghorofa ya chini, hatua chache kutoka Kingsbury Road, jirani na maduka ya Wagujarati ambao wazee wao wamezaliwa Mwanza na Kisumu na bado wanakujibu kwa Kiswahili ukiwasalimia vizuri. Mimi nafanya kazi ya care, kama tunavyoiita wote hapa. Unaingia nyumba ya mzee, unamwogesha, unamvisha, unampa dawa na chai, unatoka unakimbilia nyumba nyingine. Mume wangu alipopata kazi Heathrow tukahamia Hounslow, na ofisi ikataka kunibadilishia wazee wangu wote niwe nao karibu. Nilikubali wote isipokuwa yeye. Kwa ajili yake niliendelea kuvuka nusu ya London, siku nyingine kwa treni na baiskeli, siku nyingine kwa baiskeli tupu, na kila nilipofungua mlango wake alikuwa na neno moja la kunipokelea.

"Umechelewa."

Hata nikifika mapema, nimechelewa. Asubuhi moja nilifika kabla hajaamka, nikakaa jikoni nikimsubiri. Alipofumbua macho akanitazama, akatazama saa ukutani, akasema nimechelewa. Nikamwambia, "Bibi, nimekuja wewe umelala." Akanijibu, "Basi ungekuja mapema ungeniwahi niko macho jana." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Sikuwahi kusikia neno jingine la kunikaribisha kutoka kwake, wala sikulihitaji.

Kuogeshwa hakukupenda, na nani anapenda? Alikuwa mwanamke wa heshima zake, aliyezoea kujistiri, na sasa mtu baki anamvua nguo kila asubuhi. Akaniwekea sharti moja. "Usiniguse hujan'ambia. N'ambie kwanza, wapi, ndiyo uguse." Basi nikawa natangaza. Sasa uso, bibi. Sasa mgongo. Na hasa bega la kushoto, kwa kuwa aliwahi kuteleza kwenye barafu nje ya mlango wake, bega likavunjika, likaungwa vibaya. Mkono ule haukunyanyuliwa. Unaingiza kiganja chini ya kwapa, taratibu, unaosha bila kuuvuta. Ukiuvuta, kelele zake zinafika dukani. Kwa hiyo kila asubuhi, tukifika hapo, nilisema yaleyale: "Sasa bega, bibi. Nakuja polepole." Naye alifumba macho akasubiri.

Siku moja, maji yakimtiririka mgongoni, akaniambia kama mtu anayeagiza sukari, "Nikifa utanikosha wewe."

Nikamwambia msikitini kuna wanawake wa kazi hiyo, wenye elimu yake, wanajua kuliko mimi.

"Wajue," akasema. "Watanigeuza kwa Kingereza. Kingereza nimekisikia miaka yote hii, siku hiyo nipumzike. Na hili bega nani atawambia?"

Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Nikasema inshallah, nitakuja.

"Usichelewe," akasema.

Alifariki hospitali, Alhamisi. Jumamosi, mara tu baada ya sala ya alfajiri, mwanawe akanipigia simu. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, amekaa hapa tangu ujana wake, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Dada, msikitini wametupa saa nne ya kumwosha. Kuna maiti mwingine after us, so hawatasubiri, unajua. Mama alisema wewe. Please."

Nikasema nakuja. Kusema ni rahisi. Treni ya upande wetu ilikuwa na matengenezo ya wikendi, na Wembley, ambako lazima nipite, kulikuwa na mpira, maana yake barabara za kule zinafungwa na mabasi yanazungushwa hadi mtu unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Nikachukua baiskeli. Nilipita njia ya mfereji kwa sababu ni tambarare na haina taa za kukusimamisha, na nilikuwa na muda wa kutosha. Nyuma, kwenye keria, nilifunga mkoba wangu wa kazi kama ulivyo, kwa mazoea tu. Ndani yake mna vitu vilevile siku zote: boksi la glavu, rola la aproni nyeupe za plastiki, sabuni, taulo, kopo la chakula na kijiko.

Ua wa miiba ulikuwa umepunguzwa kando ya njia, chini ya kile kilima cha Horsenden, na vijiti vimetapakaa kila mahali. Nilijua ni pancha kabla sijashuka. Usukani ulianza kucheza, kisha rimu ya mbele ikagonga changarawe. Nikatukana kwa Kiswahili, na bata mmoja akaondoka.

Sikuogopa mwanzoni. Pancha naijua, na kifuko cha solusheni, viraka na pampu hukaa chini ya kiti siku zote. Kaka yangu alikuwa na baiskeli ya kubebea mizigo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia gurudumu anapoziba. Nikafungua gurudumu la mbele, nikabandua tairi kwa mkia wa kijiko kama alivyokuwa akifanya yeye, nikautafuta mwiba kwa vidole nikauchomoa. Nikapata tundu. Nikalisugua, nikapaka solusheni, nikapuliza ikauke, nikabandika kiraka. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi, kaka mwenyewe angeikubali. Nikarudisha tyubu na tairi, nikachomeka pampu.

Hapo ndipo haraka ikaniponza. Pampu ilikuwa ndogo, ya mkononi, nami nikawa naisukuma kwa nguvu zote huku naiangalia saa, na kwa kila msukumo nilikuwa nauyumbisha ule mdomo wa tyubu. Ukang'oka. Ulitoka mzima, umeshikamana na pampu, na upepo wote ukatoka kwa mlio mmoja mfupi. Tundu la mwiba unaliziba. Tyubu iliyong'oka mdomo huizibi kwa kitu chochote duniani.

Nikampigia simu binti yangu nyumbani, sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu kusikia mtu. Nikamweleza kwa Kiswahili, haraka haraka. Akanisikiliza vizuri, akanijibu kama anavyojibu siku zote.

"Mum, just get a cab."

"Cab itapita wapi? Kwanza niko mferejini. Na huko Wembley wamefunga."

"I don't know, Mum. The road?"

Nikakata simu. Ni mtoto mzuri. Tungekuwa uso kwa uso ningemfinya.

Akapita mwanamume wa Kiingereza mwenye nguo za kubana za rangi ya machungwa, akasimama mwenyewe bila kuitwa, akachutama tukaangalia pamoja. Alikuwa na tyubu ya akiba, lakini ya baiskeli yake, nyembamba, na gurudumu langu ni nene. Tukajaribu hata hivyo, ikawa haifiki. Akasikitika kweli, nikaona. Akaniuliza kama ninakwenda mbali. Nikamwambia nakwenda mazikoni, kwa kuwa kumweleza yote nilikuwa sina pumzi. Akasema ananipa pole, kisha akaenda.

Kutoka pale kwa miguu nisingefika saa nne. Nilipiga hesabu kila namna na sikufika.

Ndipo nikamkumbuka kaka. Siku moja tukirudi kutoka shambani, yeye na mimi na gunia la mihogo, tyubu ilipasuka vibaya, na fundi yuko mbali. Kaka alitoa tyubu akaiweka begani, akakata nyasi kavu kando ya barabara, akachanganya na katani iliyokuwa imedondoka kutoka kwenye matrekta ya mkonge, akajaza tairi zima, akalikandamiza kwa goti mpaka likajaa kama lina upepo. Tukafika nyumbani tukitetemeka meno, lakini tukafika na mihogo yetu.

Basi na mimi nikakata nyasi. Nilizikata kwa mikono miwili, kando ya maji, magoti yamelowa, nikajaza tairi kwa nguvu za hasira. Lilijaa. Lilipendeza hata. Nikapanda, nikaenda vizuri hadi kwenye daraja la mbele, nikaanza kumshukuru kaka kwa sauti. Kisha nikahisi rimu tena. Nikashuka, nikaona ute wa kijani ukichuruzika pembeni mwa tairi. Zile nyasi zilikuwa zimesagika kabisa.

Nikakaa chini, kwenye ukingo wa njia, nikalia. Sikulilia baiskeli. Nililia kwa kuwa niliona picha nzima ya chumba kile: wanawake wema, wasiomjua, wameshaanza bismillah, wanamgeuza, na mmoja anaushika mkono wa kushoto na kuunyanyua. Najua maiti haumwi. Usiniambie. Nilikuwa nalijua hilo pale nilipokaa, na bado nilikuwa naona aibu kana kwamba nimemwacha bafuni na maji yanapoa.

Nilifungua mkoba nitafute kitambaa cha kufuta kamasi, na mkono ukagusa lile rola la aproni.

Aproni zile ni nyepesi kama mfuko wa sokoni. Ukivaa moja upepo unaipeperusha. Lakini ukizikunja nyingi pamoja na kuzivuta, hazikatiki. Nilichana moja, nikaisokota. Nikachana nyingine. Kisokoto kimoja kilifumuka. Basi nikachukua mafungu matatu nikasuka, kama ninavyomsuka binti yangu, nikikaza kila hatua, na suko lilipopungua niliongeza aproni nyingine katikati. Nikawa nasuka huku nalia, huku nawaza kwamba leo watamsuka na yeye. Maiti wa kike husukwa nywele mafungu matatu. Zake zilikuwa chache, nyeupe, laini kama za mtoto mchanga, na alikuwa akizionea fahari kuliko zilivyostahili. Nilimtania mara nyingi kwamba kitana kinamaliza kazi kabla hakijaanza.

Nikapata mkia mrefu, mnene wa kiganja, mgumu. Nikaulaza ndani ya tairi ukazunguka gurudumu lote, ncha nikazifunga kwa glavu. Zile aproni na glavu zilikuwa za kwake yeye. Nilikuwa nimezibeba kwa ajili ya asubuhi zake za wiki ile, ambazo hazikufika. Penye uwazi nikashindilia glavu nyingine, nyingi, hadi boksi likaisha. Nikarudisha tairi kwa kijiko na kwa goti na kwa matusi. Halikuwa duara. Lilikuwa na manundu kama gunia la viazi, na vipande vya plastiki nyeupe vilichungulia pembeni.

Nikapanda. Likashika.

Nadhani sijawahi kuendesha kitu kibaya namna ile. Kila mzunguko nundu lilinipiga mikononi, na plastiki ilipiga kelele, chwa, chwa, chwa, watu wenye mbwa wakawa wananipisha kutoka mbali. Lakini likaenda. Nilitoka mferejini Alperton nikakutana na mashabiki, mitaa mizima ya skafu na nyimbo, na kizuizi barabarani. Askari aliyekuwa pale aliinua mkono kunizuia, kisha macho yake yakashuka kwenye gurudumu. Akalitazama, akanitazama mimi, nguo zangu za mazikoni zimejaa tope, uso umejaa machozi na weusi wa tairi. Akausogeza uzio kidogo kwa mguu. Namshukuru mpaka leo, na sikumshukuru siku ile kwa sababu sikusimama.

Chumba cha kuoshea kilikuwa nyuma ya msikiti. Mwanawe alikuwa nje, chini ya paa dogo, na wanaume wengine. Aliponiona akanijia. Alisema tu, "Wameanza, dada. Ingia. Ingia." Nikaiangusha baiskeli pale pale.

Ndani walikuwa wanawake watatu. Aliyekuwa akiongoza ni mama wa Kisomali, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Bibi alikuwa amelazwa kwenye meza, amefunikwa shuka, mdogo kuliko nilivyomzoea. Yule mama alitazama mikono yangu, nami nikaitazama, myeusi hadi kwenye kucha. Nilijieleza kwa Kiingereza changu kibovu cha siku za fadhaa, kwamba mimi ndiye niliyeagizwa, kwamba baiskeli, kwamba nimejaribu. Akanionyesha sinki. Nilisugua mpaka ngozi ikauma na weusi wa kwenye kucha haukutoka. Akasema haidhuru, akanipa glavu. Kisha akatoa aproni kutoka kwenye rola lililotundikwa ukutani, ileile nyeupe, ileile nyepesi, akanivisha mwenyewe shingoni na kunifunga nyuma.

Nikamuuliza wamefika wapi.

"We finished the right side," akasema.

Maiti huoshwa upande wa kulia kwanza. Ndivyo ilivyo, kwa wote, na mimi nilikuwa nimelijua jambo hilo maisha yangu yote, na katika safari nzima ile sikulikumbuka hata mara moja. Wa kushoto ulikuwa haujaguswa.

Yule mama akanyoosha mkono aushike ule mkono wa kushoto, kama ulivyo utaratibu. Nikamwambia samahani, huo usinyanyuliwe, ulikuwa unamuuma. Nilisubiri aniambie kwamba haumuumi tena. Alirudi nyuma hatua moja, akachukua jagi la maji, akakaa tayari kunimiminia.

Nikaingiza kiganja chini ya shuka, taratibu, mpaka kwapani.

"Sasa bega, bibi," nikasema. "Nakuja polepole."

Kisha nikasita kidogo, kwa mazoea, nikimsubiri aniambie nimechelewa.